Namna ya kuondoa mitungi ya haloni katika chumba cha seva
Mtungi wa haloni 1301, gesi ya kuzimia moto, usifunguliwe hewani kamwe, kwa kuwa uwezo wa gesi hiyo kuharibu tabaka la ozoni ni takriban mara 10 ya ule wa CFC-11, gesi inayotumiwa kama kipimo cha kulinganishia. Ndiyo maana Itifaki ya Montreal, mkataba wa kimataifa wa kulinda ozoni, ilisitisha uzalishaji wake, nchi zilizoendelea zikitangulia mwaka 1994 na zinazoendelea zikifuata mwaka 2010.

Kabla ya kulegeza bomba lolote, fundi aliyefuzu atenganishe kifaa kinachofyatua valvu, kisha afunge kifuniko cha usalama kwenye tundu la kutolea gesi, kwani valvu ikifunguka ghafla mtungi huruka kwa nguvu inayoweza kuua. Hapo ndipo upimwe uzito, uandikwe, na ukabidhiwe kwa wanaokusanya na kusafisha haloni, ambayo bado inahitajika kwenye ndege. Nchini Kenya, wasiliana kwanza na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira.

Kwa mbadala wa kuzimia moto, IG-541, mchanganyiko wa naitrojeni, agoni na kaboni dayoksaidi, haidhuru ozoni, ingawa huhitaji mitungi mingi zaidi na upenyo wa kupunguza shinikizo ukutani. HFC-227ea, gesi nyingine ya kuzimia moto, huchukua nafasi ndogo, lakini huchangia sana ongezeko la joto duniani, hivyo singeipendekeza. Mabomba ya zamani yasiunganishwe na mfumo mpya kabla mhandisi hajakokotoa upya shinikizo lake.