Kuandaa semina ya idara chuoni bila kupoteza dakika za maswali

Semina ya idara isichanganywe na mhadhara wa wazi. Mihadhara kama ile ya Kigoda cha Mwalimu Nyerere pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 2009 kwa kumleta mwandishi wa Nigeria, Wole Soyinka, hujaza ukumbi na huwa na meza kuu. Watu huenda kumsikia mtu. Warsha nayo ni ya vitendo: aliyeingia hajui kutumia programu fulani ya takwimu anatakiwa atoke anaijua. Semina ya idara ni watu 15 hadi 40, chumba cha kawaida, saa moja na nusu, na mtu mmoja aliyeleta kazi ambayo bado haijaiva. Amekuja ipekuliwe kabla haijafika kwa watahini au kwa mhariri wa jarida. Kwa hiyo maswali ndiyo semina yenyewe, na kazi ya mratibu, kuanzia barua ya mwaliko hadi kikombe cha chai, ni kuhakikisha muda wake hauliwi.

Mgawanyo unaofanya kazi kwa dakika 90 ni huu: 5 za kusubiri waliochelewa, 3 za utambulisho, 35 za wasilisho, 45 za maswali na 2 za matangazo. Ukimpa mwasilishaji saa nzima, ujue umeshafuta majadiliano, kwa sababu hakuna anayemaliza kabla ya muda.

Siku, saa na chumba

Chagua siku moja, saa moja na chumba kimoja, usibadilishe muhula mzima. Semina nyingi hazifi kwa kukosa wasemaji. Zinakufa kwa sababu wiki hii ni Jumanne, wiki ijayo Alhamisi, na wiki ya tatu chumba kimechukuliwa na darasa la mwaka wa kwanza. Ijumaa mchana haifai: kuna swala ya Ijumaa, na baada ya hapo wengi wameshaondoka. Wiki ya kwanza ya muhula watu wako kwenye usajili, na wiki mbili za mwisho wanafikiria mitihani. Muhula wa wiki 15 unabeba semina 10 kwa raha. Ukipanga 15 utaahirisha tano, na kila kuahirisha kunawafundisha watu kutokuja.

Saa iandikwe kwa namna isiyoleta utata: “Jumatano, saa 8:00 mchana (14:00)”. Kinachotokea mara kwa mara ni kwamba mgeni kutoka nje anasoma “saa 8” na kuelewa asubuhi, au barua pepe inasema 2:00 na kundi la WhatsApp linasema 8:00, watu wakadhani kuna vikao viwili. Kwa walioko mbali, kumbuka Muscat wako mbele yetu kwa saa moja, na Kigali, Bujumbura na Lubumbashi wako nyuma kwa saa moja. London wako nyuma kwa saa tatu wakati wa baridi na saa mbili wakati wa kiangazi, maana Ulaya husogeza saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Marekani husogeza kwa tarehe nyingine, hivyo kuna wiki mbili tatu mwezi Machi ambapo tofauti uliyoizoea kati ya London na Marekani si sahihi.

Mwaliko na ikisiri

Mwandikie mwasilishaji wiki sita kabla. Barua moja itaje tarehe, saa, chumba, lugha ya kikao, urefu wa kuzungumza, hadhira itakuwa nani na vifaa gani vipo. Suala la nauli lisiachwe hewani. Kama hakuna, sema hakuna. Watu wengi watakuja tu, lakini hawapendi kugundua hilo mlangoni.

Omba ikisiri, yaani muhtasari wa wasilisho, ya maneno 150 hadi 200 wiki tatu kabla, na uisome kweli. Kichwa kama “Nafasi ya Khanga katika Jamii” hakimvuti mtu, wala hakimpi muulizaji pa kushika. Mrudishie mwenyewe kwa adabu, umuulize anachotaka kujua hasa ni nini. Akijibu kwamba anatafuta nani hutunga majina ya khanga na nani huchagua yapi yachapwe, hicho ndicho kichwa: “Majina ya khanga: nani hutunga, nani huchagua?” Hapo hata mtu wa sosholojia wa jengo la pili atakuja.

Tangazo liende mara tatu: siku kumi kabla, siku mbili kabla, na asubuhi ya siku yenyewe. Hilo la asubuhi liwe mistari miwili tu, kichwa na chumba. Ndilo linaloleta watu wengi kuliko bango.

Fedha na chai

Andika dokezo sabili, yaani ombi la maandishi la ndani ya ofisi, kwa mkuu wa idara wiki tatu kabla, uambatishe ankara kifani (ya kuonyesha bei kabla ya kununua) ya vitafunwa. Masurufu, yaani fedha unazopewa kisha ukazitolea hesabu, yakitoka, kila ununuzi uwe na risiti ya EFD, mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi. Tatizo ni kwamba sambusa tamu kuliko zote pengine ni za mama asiye na mashine hiyo. Muulize mhasibu mapema utaratibu wa manunuzi madogo ukoje, usije ukagundua baada ya kula.

Kwa watu 30, lita 9 za chai zinatosha: kikombe cha mililita 200, na nusu yao wataongeza. Sambusa au maandazi ni mawili kwa kila mtu. Chai iwe mwisho, nje ya mlango. Ikiwekwa mwanzoni, saa 8:00 inageuka saa 8:25, na dakika hizo zitatolewa kwenye maswali, si kwenye wasilisho. Ikiwa mwisho, mwanafunzi aliyeogopa kunyoosha mkono atamfuata mwasilishaji akiwa na kikombe chake na kuuliza swali zuri kuliko yote.

Chumba na vyombo vyake

Nenda ukakague chumba siku moja kabla, saa ileile ya semina. Asubuhi ukuta wa projekta unaonekana vizuri. Saa 8 mchana jua limehamia dirisha la magharibi na hakuna pazia. Washa feni zote uone kama aliyekaa nyuma bado anasikia sauti ya kawaida. Kama hasikii, chagua kati ya kupunguza feni na kuleta kipaza sauti. Mwasilishaji hawezi kupiga kelele dakika 35. Chumba kisizidi sana idadi ya watu: 20 wakiingia ukumbi wa viti 200 watakaa safu ya mwisho wote. Panga viti mfano wa herufi U, vya ziada vitoe.

Mfuko wa mratibu uwe na kebo ya HDMI ya mita 5, kebo ya VGA kwa projekta za zamani, adapta ya USB-C kwa kompyuta mpakato mpya zisizo na tundu jingine, ekstensheni ya matundu manne, na adapta ya kupokea plagi za nje, maana soketi zetu ni za pini tatu bapa. Projekta ikisema hakuna ishara, kwanza bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, kisha chagua skrini zote mbili zionyeshe kitu kimoja. Nusu ya misukosuko yote huishia hapo. Umeme ukikatika na kurudi, projekta ya taa haitawaka papo hapo; taa inahitaji dakika chache ipoe. Anayebonyeza rimoti mara kumi kwa hasira haharakishi chochote.

Faili lije kwa barua pepe jana yake, pamoja na nakala ya PDF. Nakala hiyo hulinda herufi zisivurugike mtu anapotumia kompyuta ya idara yenye toleo tofauti la programu. Flashi iwe akiba tu, kwa kuwa za chuoni hubeba virusi kama mbu.

Chapa pia karatasi moja ya data, nakala 20. Kwenye semina ya isimu hii ni lazima hata kama umeme haukatiki: mifano ikiwa na namba, muulizaji anasema “turudi mfano wa 7” na kila mtu anaona. Bila karatasi, dakika mbili zinakwenda kwenye “rudi nyuma… hapana, mbele… hapo, hapo”.

Kumwandaa mwasilishaji

Slaidi 15 hadi 17 zinatosha kwa dakika 35, herufi zisipungue pointi 24, na jedwali lisizidi safu tano za kwenda chini. Anayesoma kutoka karatasini akadirie maneno 100 kwa dakika. Maneno ya Kiswahili ni marefu, “hawakutuletea” peke yake lina silabi saba, na anayekimbiza zaidi ya hapo huanza kumeza viambishi. Hiyo ni kama maneno 3,500, yaani kurasa 13 au 14 za A4 zenye nafasi mbili.

Kosa kubwa la wanafunzi wa uzamili ni kuwasilisha tasnifu kwa mpangilio wa sura. Usuli wa tatizo dakika nane, malengo mahususi yote yanasomwa moja baada ya jingine, mapitio ya maandiko dakika kumi, nadharia na waasisi wake, mbinu za kukusanya data, halafu zimebaki dakika nne na matokeo yako slaidi ya 22. Waliohudhuria wanaulizia usuli, kwa kuwa ndio waliousikia. Mpe mgao mapema: dakika 5 za swali la utafiti, 3 za nadharia, 5 za data ilivyopatikana, 17 za matokeo, na 5 za mwisho za mambo ambayo yeye mwenyewe hayajamkalia sawa. Hizo tano za mwisho ndizo huzaa mjadala.

Mwenyekiti

Mwenyekiti asichaguliwe kwa cheo. Anahitajika mtu anayeweza kumkata profesa bila kumvunjia heshima. Aseme “itifaki imezingatiwa” na aishie hapo. Wasifu wa mgeni usomwe kwa sentensi nne. Orodha ya machapisho yake ibaki kwenye tangazo. Aseme pia kama maswali yanaweza kuulizwa kwa Kiswahili hata pale wasilisho linapokuwa la Kiingereza. Sentensi hiyo moja hufungua vinywa vingi.

Akae mahali mwasilishaji anapomwona, na awe na karatasi tatu zenye maandishi makubwa: “5”, “1” na “Muda umekwisha”. Karatasi ya tatu ikipuuzwa asimame. Kusimama kunatosha, hata bila kusema neno.

Maswali yakifunguliwa, kutakuwa na ukimya. Asijaze ukimya huo kwa hotuba. Ahesabu hadi kumi kimoyomoyo, na mkono usipoinuka aulize swali alilokuja nalo. Kama mikono imeinuka mingi, wa kwanza awe mwanafunzi, na ikiwezekana mwanamke. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliofuatilia semina 247 katika taasisi 35 za nchi 10, ulikuta kwamba muulizaji wa kwanza akiwa mwanamume, wanawake waliuliza maswali machache zaidi kuliko uwiano wao chumbani.

Robo saa ya kwanza pokea swali mojamoja na lijibiwe. Desturi ya kukusanya matatu matatu ina hasara: mwasilishaji hujibu rahisi mawili na gumu analisahau kwa bahati nzuri. Kusanya tu pale muda unapobana. Halafu kuna yule anayeanza, “Asante mwenyekiti, kwanza nampongeza mtoa mada, mimi nina maoni mawili na maswali matatu.” Jibu liwe tayari: “Profesa, shikamoo. Naomba tuanze na swali la kwanza, mengine tutayarudia mikono ikipungua.” Na mtu akianza kumponda mwanafunzi, aulizwe kwa upole: “Unapendekeza afanyeje?” Mwenye hoja atajibu, asiye nayo atakaa.

Teua mtu mmoja aandike maswali yote na jina la muulizaji. Mwasilishaji akiwa amesimama mbele hakumbuki hata nusu yake.

Wanaofuatilia mtandaoni

Zoom ya bure hukata kikao cha kundi baada ya dakika 40, yaani wasilisho linapokaribia kwisha na maswali bado. Tumia akaunti ya chuo. Chumbani kompyuta moja tu ndiyo iwe na kipaza sauti na spika. Ya pili ikifunguliwa sauti, mwangwi unaanza. Kila swali la chumbani mwenyekiti alirudie kwa sentensi moja, ama sivyo wa mbali wanasikia majibu bila maswali. Modemu ya mtandao mwingine iwe na bando la GB 3 pembeni. Kurekodi kunahitaji ruhusa ya mwasilishaji, na rekodi isisambazwe: kazi haijachapishwa, na data inaweza kuwa na sauti za watu waliohojiwa.

Baada ya kikao

Siku hiyohiyo mtumie mwasilishaji orodha ya maswali pamoja na shukrani. Karatasi ya mahudhurio ipigwe picha, risiti zibanwe pamoja na nakala ya dokezo, na marejesho ya masurufu yafanyike wiki hiyo. Usiporejesha hupewi mengine, na mgeni wa wiki ijayo ameshaahidiwa chai.