Kupika bila maziwa katika jiko la Lamu

Kwa muda wa karibu miezi mitatu tulidhani kwamba maji ndiyo yanayomsumbua mwanangu. Kila asubuhi, nusu saa au saa moja baada ya kunywa chai, tumbo lake lilijaa, likanguruma, na mara nyingi akaharisha. Lakini jioni, baada ya kula wali wa nazi na samaki, hakuwa na taabu yoyote. Nilimkataza mbaazi, nikamkataza pilipili, nikachemsha hata maji ya kupigia mswaki, na hali haikubadilika. Daktari aliyetuona ndiye aliyeuliza jambo ambalo sisi wenyewe hatukuwa tumelifikiria: chai hiyo hupikwa kwa maziwa kiasi gani? Nyumbani kwetu ilikuwa nusu maziwa na nusu maji, na kijana alikuwa akinywa vikombe viwili. Alituagiza tuondoe maziwa yote kwa wiki mbili, kisha tuyarudishe kidogo kidogo na kuangalia. Wiki ya kwanza haikuisha kabla tumbo halijatulia.

Sukari iliyomo ndani ya maziwa huitwa laktosi, na ili mwili uitumie ni lazima ivunjwe na kimeng'enya kiitwacho laktesi, ambacho hutengenezwa katika utumbo mwembamba. Mtoto mchanga huwa nacho kwa wingi, lakini kwa watu wengi duniani hupungua baada ya kuachishwa ziwa, ijapokuwa katika jamii nyingi za wafugaji wa Afrika Mashariki watu wengi wamerithi uwezo wa kuendelea kukitengeneza hata ukubwani. Laktosi isiyovunjwa huteremka hadi utumbo mpana, huvuta maji, na bakteria waliomo humo huichachusha na kutoa gesi. Kuyachemsha maziwa kwa muda mrefu hakuiondoi sukari hiyo, wala kubadilisha mnyama hakusaidii, kwa kuwa maziwa ya mbuzi na ya ngamia nayo yana laktosi. Hali hii ni tofauti na mzio wa maziwa, ambao hutokana na protini na unaweza kuleta vipele, uvimbe au kubanwa na pumzi. Mwenye mzio asifuate mwongozo huu bila kuzungumza na daktari, maana yako mambo ninayoyaruhusu hapa ambayo kwake ni hatari. Na mtoto mchanga asipewe tui wala maziwa ya korosho mahali pa maziwa ya mama.

Nilipolikagua jiko langu niliona kwamba kazi iliyobaki ilikuwa ndogo kuliko nilivyohofia. Mchuzi wa samaki, samaki wa kupaka, maharagwe, mbaazi, muhogo, ndizi mbichi, viazi vitamu vya futari, vibibi na vitumbua, vyote tangu zamani hupikwa kwa nazi, na nazi haina laktosi hata chembe. Maziwa yalikuwa yakiingia kwa milango michache tu: chai, mtindi wa biriani, mtindi ambao wengine hutia katika unga wa kaimati, na vitu vya dukani. Kwa hiyo sikuona haja ya kutafuta mapishi mapya ya kigeni. Nililazimika kulijua tui vizuri zaidi, na kutafuta badala ya maziwa katika hiyo milango michache.

Tuanze na tui, kwa sababu likiharibika, kila kitu kinachofuata kimeharibika. Chagua nazi iliyokomaa, yenye kifuu cha kahawia iliyoiva, nzito mkononi, na ambayo ukiitikisa unasikia maji yakicheza ndani. Nazi isiyo na sauti ya maji mara nyingi imekauka au imeoza. Ukiivunja, ionje nyama yake kabla ya kuikuna na kuichanganya na nyingine, maana nazi mbovu harabu ya nzima, na harufu ya mafuta yaliyochacha haifichwi na bizari yoyote. Ikune kwenye mbuzi bila kufikia ganda la kahawia, kwa kuwa ganda hilo hulitia tui rangi na uchungu kidogo. Kwa nazi moja kubwa, tia kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu, ikande kwa mkono kwa dakika mbili au tatu, kisha ikamue kwenye kifumbu au chujio. Hilo ndilo tui zito, yaani kasimile, ambalo huwekwa kando. Rudia kwa vikombe viwili vya maji ili upate tui jepesi, na chicha inayobaki wape kuku.

Tui jepesi ndilo linalopikia, na tui zito ndilo linalomalizia. Wali wa vikombe viwili vya mchele huuchemsha kwa vikombe vitatu vya tui jepesi na chumvi, na maji yanapokaribia kukauka ndipo ninapomimina kikombe kimoja cha kasimile, ninageuza mara moja, ninafunika na kupunguza moto. Katika mchuzi, kasimile huingia mwishoni, sufuria ikiwa wazi na moto ukiwa mdogo, huku ukikoroga kwa upawa bila kuacha mpaka mchuzi uchemke kidogo kwa pembeni. Likichemka kwa nguvu tui hukatika, mafuta yakaelea na maji yakabaki chini. Halidhuru mtu, lakini ule ulaini unaochukua nafasi ya maziwa unakuwa umepotea. Katika joto la hapa, tui lisilotiwa kwenye friji huchacha siku hiyohiyo, na ndani ya friji nisingeliamini zaidi ya siku mbili.

Unga wa tui wa paketi unafaa siku ambayo hakuna nafasi ya kukuna, ila soma maandishi ya nyuma, kwa sababu baadhi yake hutiwa protini ya maziwa ili uyeyuke vizuri. Protini hiyo kwa kawaida haimsumbui asiyevumilia laktosi, bali ni hatari kwa mwenye mzio.

Chai ilinisumbua kuliko vyote. Chai ya mkandaa yenye tangawizi na iliki ni nzuri, lakini mtu aliyezoea chai ya maziwa huihisi kama adhabu, na tui ndani ya chai huacha mafuta juu ya kikombe. Kilichotufaa ni maziwa ya korosho. Loweka kikombe kimoja cha korosho mbichi zisizo na chumvi kwa saa nne, mwaga maji hayo, kisha zisage kwenye blenda pamoja na vikombe vinne vya maji safi mpaka usione punje, na uchuje kwa kitambaa safi. Chemsha kwanza maji, majani, tangawizi, iliki na sukari mpaka rangi ikolee. Punguza moto, mimina maziwa ya korosho, koroga, na uepue kabla hayajachemka sana, kwa kuwa korosho ina wanga na huwa nzito kama uji ikichemka muda mrefu. Korosho si rahisi kwa bei, hata huku pwani inakolimwa, kwa hiyo ninampikia yule anayehitaji katika sufuria yake ndogo, na wengine wanakunywa chai yao ya kawaida. Maziwa hayo hukaa kwenye friji siku tatu.

Mahamri hayahitaji maziwa kabisa, na sielewi kwa nini siku hizi watu huyatia maziwa ya unga. Changanya gramu 500 za unga wa ngano, gramu 100 za sukari, vijiko viwili vya chai vya hamira, kijiko kimoja cha iliki iliyotwangwa na chumvi kidogo. Kisha tia kasimile ya uvuguvugu polepole, kama mililita 300, huku ukikanda mpaka unga uwe laini na usishike mkononi. Uache uumuke kwa saa moja na nusu, sukuma, kata, acha tena dakika 15, na kaanga katika mafuta yaliyopata moto huku ukiyamwagia juu ili yafure. Kaimati nazo huumuka vizuri kwa hamira na maji matupu.

Biriani ndiyo inayodai uangalifu. Mtindi hufanya kazi tatu ndani yake: huleta uchachu, hulainisha nyama, na huufanya mchuzi uwe mzito, na hakuna kitu kimoja kinachoweza kuzifanya zote. Kwa kilo moja ya nyama, mimi husaga nusu kikombe cha korosho zilizolowekwa pamoja na robo tatu ya kikombe cha kasimile, ninakamulia ndimu mbili, na ninatia vijiko viwili vya chakula vya papai bichi lililokunwa. Nyama ya ng'ombe ikae humo saa mbili au tatu. Kuku asizidi saa moja, la sivyo papai humfanya alegee na kuvurugika. Ladha inakuwa nyororo na tamu kidogo kuliko ile ya mtindi, nami huongeza ukwaju kijiko kimoja ili kuisawazisha.

Samli na siagi zina laktosi kidogo mno, na wengi huzivumilia. Mkate wa dukani, biskuti, chokoleti na soseji huenda zikawa na maziwa ya unga, na paketi nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, hivyo mfundishe mtoto kuyatambua maneno milk, whey na lactose.

Pamoja na utamu wake, nazi haina kalsiamu ya kutosha wala protini nyingi, na hapa ndipo nyumba nyingi zinapokosea kwa kudhani kwamba tui limeziba pengo lote. Dagaa wanaoliwa pamoja na miiba yao, sukuma wiki, ufuta uliosagwa, na uji wa wimbi, ambao unga wake una zaidi ya miligramu 300 za kalsiamu katika gramu 100, ni vitu vinavyopatikana sokoni, na kijana anayekua anavihitaji kila siku.

Baada ya miezi miwili tulianza kupima kipimo chake. Mililita 100 za maziwa zina takriban gramu 5 za laktosi, na watu wengi wenye hali hii huvumilia hadi gramu 12 kwa mara moja, yaani kikombe kimoja, hasa wakinywa pamoja na chakula. Mwanangu aliweza nusu kikombe akiwa ameshiba, na mtindi mdogo haukumdhuru, kwa sababu bakteria wa mtindi huwa wamekwisha kula sehemu ya sukari hiyo. Akialikwa harusini au wakati wa Maulidi, humuuliza mpishi mapema kilichotumika katika biriani, na kama ni mtindi hupakua wali mwingi na mchuzi kidogo, kisha huiacha chai ya maziwa ipite na kuomba kahawa chungu.