Kazi ya kusapoti watu wenye ulemavu Australia: vyeti gani unavihitaji kweli na uanze na kipi

Kwanza elewa hivi, hakuna sheria Australia inayosema lazima uwe na cheti cha chuo ndo uruhusiwe kuwa sapoti woka. Waajiri ndo wanakitaka, na wengine CV isiyo nacho hawaisomi hata, ila kinachodaiwa na sheria ni kingine kabisa: uchunguzwe. Sasa watu wanakimbilia kulipia kozi, wanamaliza, halafu wanakaa nyumbani wanasubiri kibali ambacho wangekiombea mapema.

Kibali chenyewe kinaitwa NDIS Worker Screening Check (NDIS ni mpango wa serikali ya Australia unaolipia huduma za watu wenye ulemavu). Kilianza 2021, kinadumu miaka 5, na kinakubalika majimbo yote, yaani ukihama Perth ukaenda Melbourne huanzi upya. Wanaangalia rekodi zako za jinai na mambo ya nidhamu kazini, na hata ukishapewa wanaendelea kukufuatilia. Unaomba kwenye jimbo lako, na kwa kawaida lazima kuwe na mwajiri wa kuthibitisha maombi, ndo maana nasema anza kuongea na kampuni ukiwa bado unasoma. Kampuni iliyosajiliwa na NDIS haiwezi kukupa kazi ya kumhudumia mtu moja kwa moja bila utaratibu huu. Ukiajiriwa na mtu anayejisimamia mwenyewe hela zake za NDIS, yeye ndo anaamua kama anakitaka, lakini kanuni za maadili za NDIS zinakubana vilevile. Kama utahudumia watoto kuna kibali kingine cha kufanya kazi na watoto, Queensland wanakiita Blue Card.

Wakati unasubiri, fanya ile moduli ya mtandaoni ya NDIS inayoitwa Quality, Safety and You. Ni bure, saa moja na nusu hivi unamaliza, unapata cheti. Halafu huduma ya kwanza, namba ya kozi ni HLTAID011, watu wanairudia kila miaka 3, ila sehemu ya CPR (kumfufua mtu aliyesimama moyo) kila mwaka. Hizo mbili weka juu kwenye CV.

Haya, kozi sasa. Ya kawaida ni Certificate III in Individual Support, namba ya kozi CHC33021, chagua ile ya upande wa disability, maana kuna ya wazee pia. Ina masomo 15 na lazima ufanye angalau saa 120 za mazoezi kazini. Hapa ndo uwe macho jamani. Ukiona chuo kinakuahidi cheti kwa wiki moja bila mazoezi, kimbia, maana ASQA, wale wanaosimamia vyuo, kuanzia mwishoni mwa 2024 wamefuta vyeti vya maelfu ya watu waliosoma kwenye vyuo feki au vya ovyo, na kikifutwa kimefutwa, hata kama ulilipa. Ingia training.gov.au uhakikishe chuo kimesajiliwa na kinaruhusiwa kufundisha kozi hiyo. Kabla hujalipa uliza TAFE, yaani chuo cha ufundi cha serikali, ya jimbo lako, maana mara nyingi kuna nafasi za bure au nafuu. Na kama umeshahudumia watu miaka kadhaa, uliza RPL (Recognition of Prior Learning), wanapima uzoefu wako na unaweza kuruka baadhi ya masomo. Certificate IV in Disability Support iache kwanza, ni ya ukishazoea kazi au unataka cheo.

Sasa kitu ambacho cheti hakikupi. Kila klayenti ana mambo yake na lazima ufundishwe kwa ajili ya huyo mtu. Analishwa kwa mrija wa tumboni, ana katheta, anapata kifafa kikali, anachomwa insulini, hizo unafundishwa na mtaalamu wa afya kabla hujagusa, usikubali shifti eti mwenzako atakuonyesha hapohapo. Chakula nacho watu wanakidharau, wakati kukabwa na chakula kunaua. Kama mpango wa klayenti unasema kinywaji level 2 kwenye IDDSI, vipimo vya kimataifa vya uzito wa vinywaji na ulaini wa chakula, yaani kizito kidogo, basi ni level 2, humpi chai nyepesi kwa kumwonea huruma.

Na kufunga friji kwa kufuli ili mtu asile sana? Hiyo inahesabika kama kumzuia haki zake, inahitaji idhini na kuripotiwa. Ndivyo ilivyo hata kumfungia chumbani, kumshika kwa nguvu, au kumpa dawa ili atulie tu. Likitokea jambo baya mwambie bosi wako palepale, maana matukio makubwa kampuni inatakiwa iripoti ndani ya saa 24.

Kwa wenye viza ya mwanafunzi, mwisho wa kufanya kazi ni saa 48 kwa wiki mbili wakati masomo yanaendelea, hesabu shifti zako mwenyewe usimwachie meneja.

Kwenye intavyuu jiandae na swali hili, wanalipenda: klayenti amekataa kuoga, utafanyaje? Jibu ni kwamba ana haki ya kukataa. Unamuuliza kwa upole shida ni nini, labda maji ni baridi au hataki wewe umwogeshe, unampa nafasi baadaye, unaandika kwenye noti za shifti, na ikijirudia unamwambia msimamizi. Usije ukasema utampigia mama yake, mtu ana miaka 40.