Namna ya Kuchunguza Dai la Hataza Kuhusu Matangazo ya Kulipia kwa Mbofyo

Kampuni za utalii za Arusha na Moshi hushindania maneno yale yale kwenye intaneti, na haishangazi kwamba vijana wa hapa wanatengeneza tovuti za kutafutia safari ambamo kampuni inayokubali kulipa zaidi kwa kila mbofyo ndiyo inayotangulia kwenye orodha. Mwenye tovuti ya namna hiyo akipokea barua ya wakili inayodai kwamba amekiuka hataza (patent), yaani haki ya kisheria anayopewa mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, asiijibu kwa hasira wala asiitupe, bali aanze kwa kuichunguza.

Tafuta kwanza namba ya hataza na nchi iliyoitoa. Ikiwa barua haina namba, jibu lako liwe sentensi moja tu ya kuiomba. Hataza ina nguvu ndani ya nchi ilikotolewa, kwa hiyo ile ya Marekani haikufungi hapa Arusha. Inayoweza kukufunga ni iliyosajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, au iliyotolewa na ARIPO, shirika la kikanda la Afrika la miliki ubunifu lenye makao yake Harare, kwa ombi lililoitaja Tanzania. Aidha, sheria yetu ya hataza, Sura ya 217, haizihesabu mbinu za kufanya biashara kuwa uvumbuzi, na dai lililo karibu sana na mnada wa kawaida linaweza kukwama hapo. Hata hivyo, ikiwa unawauzia huduma watu walioko Marekani, usijifariji mapema kwa hoja ya mipaka.

Kisha kagua tarehe. Hataza iliyozua migogoro mikubwa kuliko zote katika uwanja huu, namba 6,269,361 ya Marekani, iliombwa na GoTo.com, tovuti ya Kimarekani ya utafutaji iliyouza nafasi kwenye orodha yake kwa mnada, tarehe 28 Mei 1999 na kutolewa tarehe 31 Julai 2001. Kwa kuwa ulinzi wake haungeweza kuvuka miaka 20 tangu kuombwa, ulifikia ukomo Mei 2019. Tarehe ya ombi hutazamwa pia kwa kurudi nyuma. Sheria ya Marekani ya wakati huo iliiangusha hataza ikiwa uvumbuzi ulikuwa umetumika hadharani au kuuzwa nchini humo zaidi ya mwaka mmoja kabla ya ombi, na kwa sababu GoTo.com ilianza biashara yake mwaka 1998, kilichofanyika kabla ya tarehe 28 Mei ya mwaka huo kilikuwa jambo zito.

Kazi kubwa iko kwenye madai, yaani zile aya zenye namba mwishoni mwa hati ya hataza, kwa maana muhtasari wa mwanzoni haumfungi mtu. Chora jedwali la safu mbili: kushoto andika kila kipengele cha dai, kwa mfano akaunti ya mtangazaji, neno la utafutaji, kiasi anachoahidi, upangaji wa orodha kwa kiasi hicho, na makato mtu anapobofya, kulia andika jinsi mfumo wako unavyofanya kweli, si jinsi tangazo lako linavyousifu. Kipengele kimoja kikikosekana, kwa kawaida dai hilo halikugusi. Mwaka 2002 Google ilianza kupanga matangazo kwa kuangalia kiasi cha fedha pamoja na wingi wa mibofyo, na Aprili mwaka huo huo Overture, ambalo ndilo jina jipya la GoTo.com, iliishtaki. Mtu angetamani kujua kama tofauti hiyo ingeiokoa Google, lakini mahakama haikufika huko: Agosti 2004 pande hizo zilipatana, na Google ikaipa Yahoo, iliyokuwa imeinunua Overture, hisa milioni 2.7, zilizomaliza pia mgogoro mwingine baina yao. Kwa hiyo anayekuandikia kwamba mapatano hayo yalithibitisha uhalali wa hataza anakupotosha.

Hakikisha vilevile kwamba mgogoro wenyewe ni wa hataza. Kampuni ya Moshi inayolalamika kwamba mshindani wake amenunua jina lake kama neno la utafutaji inazungumzia alama ya biashara, ambayo ina sheria yake.

Ukishapata jedwali na tarehe, mpelekee wakili anayeshughulika na miliki ubunifu kabla ya kuandika chochote. Jibu la kwanza likiri kupokea barua, liombe namba ya dai linalodaiwa kukiukwa na maelezo ya kila kipengele, na lisieleze hata kidogo jinsi mfumo wako unavyofanya kazi ndani.