Namna ya kukisoma kitabu cha Dakta Beaumont

Wanafunzi wangu wa baiolojia nikiwapa kitabu cha majaribio ya usagaji wa chakula tumboni cha William Beaumont, daktari wa upasuaji wa jeshi la Marekani, wengi hukiacha kabla hawajafika mbali. Tatizo ni kwamba wanaanza mwanzoni. Zile sura za kwanza ni mabishano yake na wataalamu wa enzi hizo, ziruke.

Kwanza jua kisa chenyewe. Tarehe 6 Juni 1822, kisiwani Mackinac, Marekani, bunduki ilifyatuka kwa bahati mbaya ikamjeruhi Alexis St. Martin, kijana wa Kanada aliyekuwa kibarua katika biashara ya ngozi za wanyama zenye manyoya. Alipona, ila tundu la kuingia tumboni halikuziba. Beaumont akawa anachungulia chakula kikisagika.

Sasa fungua majaribio, anzia la tarehe 1 Agosti 1825. Chora jedwali: saa, chakula, matokeo, na safu ya nne nitakayoieleza. Saa sita mchana daktari alipitisha tunduni vipande vya nyama, mkate na kabichi mbichi, vimefungwa kwa uzi wa hariri. Saa saba akauvuta: kabichi na mkate vimeyeyuka karibu nusu, nyama iko vilevile. Saa nane kabichi, mkate, nyama ya nguruwe na ile ya ng'ombe iliyochemshwa vilikuwa vimetoweka kwenye uzi.

Usifunge ukurasa hapo. Safu ya nne ni ya St. Martin: andika kila anapolalamika. Siku hiyohiyo tumbo lilimsumbua, kichwa kikamuuma, mwili ukalegea. Baadaye daktari akamtumbukizia vidonge vya kalomeli, dawa ya zebaki, kupitia tundu lilelile! Mimi namheshimu Beaumont kwa macho yake makali na kwa kuandika hata yasiyompendeza, lakini safu hii ikijaa utaona nani alilipia elimu yetu. Weka kando yake mkataba wao wa 1832 wa majaribio hayo: dola 150 kwa mwaka, pamoja na chakula, malazi na mavazi. St. Martin aliutia alama ya X badala ya sahihi.

Vipimo vya joto kitabuni ni vya Farenhaiti. 100 ni kama selisiasi 38.

Yale mahitimisho 51 ya mwishoni yasome ukiwa na jedwali mkononi, uone lipi limethibitishwa na lipi limekisiwa. Kisha tafuta barua za Beaumont za kumsihi St. Martin arudi. Alikwenda kwao Kanada mwaka 1834, hakurudi tena, na aliishi hadi 1880, miaka 27 baada ya daktari wake kufa.