Kupanga Vitufe vya Usukani wa Logitech G29 katika Assetto Corsa Competizione

Kabla ya kufungua mchezo huu wa mbio za magari kwenye kompyuta, sogeza swichi iliyo juu ya usukani hadi kwenye alama ya PS3, kisha chomeka kebo ya USB na usubiri usukani ujizungushe wenyewe pande zote mbili. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika joy.cpl, fungua sifa za usukani wako, kisha bonyeza vitufe kimoja kimoja huku ukiangalia ni namba ipi inayowaka. Kitufe kisichowasha namba hapa hakitafanya kazi mchezoni, hata ukikipanga upya mara ngapi.

Ingia sasa katika menyu ya vidhibiti ya mchezo, chagua mpangilio wa G29, na uuhifadhi kwa jina lako mwenyewe kabla ya kubadilisha chochote.

Hatua inayofuata ndiyo inayohitaji kufikiriwa zaidi. Naamini kwamba kitufe hupangwa kulingana na mahali gari linapokuwa unapokihitaji. Udhibiti wa mtelezo, yaani TC, huenda ukahitaji kuubadilisha ghafla mvua inapoanza, kwa hiyo upe R2 kwa kuongeza na L2 kwa kupunguza, kwa sababu dole gumba huvifikia vitufe hivyo bila mkono kuachia usukani. Mgawanyo wa breki kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma unaweza kusubiri sehemu iliyonyooka, kama ile ya Kemmel kwenye uwanja wa mbio wa Spa-Francorchamps. Vitufe vya kujumlisha na kutoa vilivyo upande wa kushoto vinaufaa, na alama zake husaidia kukumbuka.

Kidhibiti mwendo cha pitini, yaani eneo la kuhudumia magari, kiweke mbali na vidole. Niliwahi kukiweka jirani na kitufe cha kumulika taa, nikakibonyeza kwa makosa nikiwa kwenye mwendo mkali, gari likapungua ghafla na aliyekuwa nyuma yangu akanigonga. Mbio zake ziliharibika bila kosa lake, jambo ambalo bado linanisikitisha. Waipa na taa zinaweza kukaa kwenye vitufe vilivyobaki, na kuwasha injini kunatosha kwenye kibodi.

Mwisho, endesha peke yako mizunguko 10 bila kutazama mikono. Kitufe ulichokitafuta kwa macho zaidi ya mara moja kihamishe, kisha rudia mizunguko ileile kabla ya kugusa kingine.