Somo: Tundu la mraba kwenye chuma, kwa drili na tupa tu

Wakuu, wiki hii nimeulizwa jambo hili mara nne. Naandika mara moja, atakayeuliza tena namtumia linki. Mfano wetu: tundu la milimita 12 kwenye flatibaa (bapa la chuma) nene milimita 6, lipitishe nondo ya mraba ya komeo la geti.

1. Chora mraba, na mistari ya kona kwa kona upate katikati.

2. Piga senta panchi (chuma chenye ncha cha kuweka kidoti biti isiteleze) katikati, na kwenye kila kona, milimita 1 ndani ya mistari yote miwili.

3. Toboa kona nne kwa biti ya 2.

4. Katikati anza na biti ya 4, malizia na 11. SIYO 12! Hapa niliwahi kuharibu geti la mteja. Biti niliinoa mwenyewe kwa grenda, mdomo mmoja ukawa mrefu kuliko mwenzake. Biti ya namna hiyo hutoboa tundu kubwa kuliko namba yake. Ikavuka mstari, nondo ikawa inacheza, na chuma kilichokwisha kulika hakirudi. Nikanunua flatibaa nyingine kwa hela yangu. Bana kazi kwenye jiliwa, weka oili, usishike kwa mkono: biti ikinasa inapotokea upande wa pili, flatibaa inazunguka kama panga.

5. Maliza kwa tupa. Tupa bapa isagwe ubavu mmoja uwe laini, usile upande wa jirani. Sukuma ikiwa imelala sawa. Ukiibembeza, midomo ya tundu inapanuka na katikati panabaki kifua. Pima kwa nondo yenyewe.

MASWALI

— Biti ya namba ngapi?
Hatua ya 4.

— Si nitumie ile biti ya mraba ya mafundi seremala?
Ile ni patasi yenye biti ndani. Kwenye mbao sawa. Kwenye chuma utaiua.

— Una uhakika? Mimi hutoboa 12 kwa 12 na inakubali.
Basi endelea, mkuu.

— Fundi, nimeona video ya drili inayotoboa mraba moja kwa moja. Ni kweli au ujanja wa kamera?
Swali zuri, dada. Ni kweli. Harry Watts alipata hataza yake Marekani mwaka 1917. Biti ina umbo la pembe tatu yenye mbavu za mviringo, ambayo upana wake ni uleule ukiipima kokote. Ikizunguka ndani ya sahani yenye tundu la mraba, katikati yake huyumba, kwa hiyo inahitaji kishikio kinachoiruhusu kuyumba. Hufuta karibu asilimia 98.8 ya mraba, kona zinabaki na duara kidogo. Tupa bado utaishika, ukitaka kona kali.

— Na tundu la yai?
Matundu mawili ya duara, kata kati yake, tupa ya mviringo.

— Nyongeza: paka chaki kwenye tupa, vumbi la chuma halikwami kwenye meno.
Hilo nililisahau. Na ikikwama, brashi ya waya, kufuata mwelekeo wa meno.